Valvu ya EGR: ipime kwanza, mpya baadaye

Gari yangu ya petroli inatetemeka nikisimama, wakati mwingine inazimika. Ikishika mwendo inatulia. Ni EGR?

Huenda. Valvu hii hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye silinda ili kushusha joto la mwako, na hivyo kupunguza oksidi za nitrojeni. Usipokanyaga mafuta inatakiwa iwe imefunga. Kipande cha masizi kikiikwamisha wazi, moshi unaingia wakati injini haiwezi kuuhimili. Kagua pia mipira ya hewa ya injini (mirija laini) iliyopasuka, maana dalili zake zinafanana sana na hizi.

Mashine ya kupimia imetoa msimbo P0401. Fundi anataka tununue valvu mpya. Nikubali?

Bado. Msimbo huo unasema moshi unaorudi ni mdogo. Hausemi valvu imekufa. Kama yako inafunguliwa kwa vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa), acha injini ipate moto na iungurume bila kukanyagwa. Chomoa mpira wa valvu, chomeka pampu ya mkono ya vakyumu, vuta. Injini ikiyumba au ikizimika, valvu inafunguka na njia ziko wazi: hamia kwenye mipira, solenoidi (swichi ya umeme inayopitisha vakyumu) na sensa. Isipobadilika hata kidogo, tazama mshale wa pampu. Ukirudi sifuri upesi, mara nyingi diaframu (utando laini ndani ya valvu) imetoboka, ingawa zipo valvu zinazohitaji shinikizo la ekzosi ndipo zishike. Mshale ukitulia na shina la valvu likapanda, njia zimeziba.

Hapo ndipo pesa za watu hupotea! Valvu mpya inafungwa juu ya tundu lililojaa masizi magumu, na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka tena. Injini ikipoa, fungua uchungulie mwenyewe. Kwangua, safisha kwa dawa ya kabureta bila kulowesha diaframu, kisha weka gasketi mpya.

Valvu yangu ni ya umeme, haina mpira.

Tafuta mashine inayoweza kuiamuru ifunguke injini ikiwaka, usikilize kama injini itayumba. Kagua plagi ya umeme ya valvu na nyaya zake kabla ya kuilaumu.

Nikiiziba kwa bati?

Tafadhali usifanye hivyo. Joto la mwako litapanda, injini ya petroli inaweza kuanza kutoa mlio wa kugonga ikipanda mlima, na hewa tunayovuta sote itachafuka zaidi.