Ukianza kusikiliza maongezi ya wazee wa bluzi usikimbilie nyimbo

Juzi kijana mmoja ninayemfundisha gitaa kaniambia kapata rekodi ndefu ya mzee wa bluzi, ule muziki wa weusi wa kusini mwa Marekani, masaa kibao, kakaa usiku mzima na kompyuta anakata sehemu zote za kuongea kabaki na nyimbo tupu, ati zile porojo zinamchelewesha. Nilicheka sana. Mi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo nilivyoanza, na vile vipande nilivyovitupa kipindi kile ndo navitafuta leo. Kwa hiyo haya nawaandikia nyie mnaoanza, wa gitaa na wa redio pia, maana wa redio nao wana tabia ya kukata.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujamsikiliza mzee msikilize anayeuliza. Ni nani, katoka wapi, anataka nini.

Chukua Agosti 1941, shamba la Stovall kule Mississippi. Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work, mwalimu wa muziki kutoka Fisk University, wamefika na mashine ya kurekodia sauti kwenye sahani, yaani santuri, wanamrekodi Muddy Waters. Muddy mnayemjua ni yule wa Chicago na gitaa la umeme, lakini hapa bado ni kijana wa shamba, dereva wa trekta, anapiga gitaa kavu. Anapiga wimbo, anaulizwa kautoa wapi. Anajibu kautunga mwenyewe, tena na tarehe anaitaja, mwezi wa kumi 1938, alikuwa anaziba pancha ya gari na kuna msichana alikuwa kamtenda vibaya. Anaulizwa tena kama kuna nyimbo nyingine za namna hiyo, anasema ah huu wimbo umetoka kwenye mashamba ya pamba, na kuna jamaa kaurekodi kwenye sahani, Robert Johnson, mpiga bluzi mwingine. Wanazidi kumchokonoa, sasa anasema yeye aliujua kwa Son House, mpiga bluzi wa huko huko, kabla hajaisikia hiyo sahani ya Johnson.

Mi niliposikia hayo mara ya kwanza nikasema huyu jamaa muongo, dakika chache tu kashabadilisha mara tatu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna alipodanganya. Muziki wa pale ulikuwa unaenda hivyo, mpigo ni wa wote, mmoja kaupata kwa jirani yake mwingine kausikia kwenye gramafoni, wewe unaweka maneno yako na msichana wako na pancha yako na unakuwa wimbo wako. Anayeuliza anatoka kwenye dunia ambayo wimbo una mwenyewe mmoja na karatasi ya haki miliki. Hebu muulize mpiga gitaa mzee yeyote wa huku kwetu mpigo wake kautoa wapi uone kama atakupa jibu moja.

Na hapo bado hujaweka hofu. Muddy alisimulia baadaye kwamba aliposikia kuna mzungu anamtafuta alidhani ni watu wa serikali wamegundua anauza pombe ya magendo. Mississippi John Hurt, mzee mwingine wa gitaa, vilevile, mwaka 1963 mpenzi wa bluzi Tom Hoskins alienda kumtafuta Avalon, kijiji alichokipata kwa sababu mzee alikitaja kwenye wimbo aliorekodi 1928, na mzee akaona huyu lazima ni wa FBI. Sasa fikiria unaanza maongezi na mtu ambaye moyoni anawaza nimefanya nini mimi. Zile "ndiyo bwana" nyingi utakazozisikia kwenye rekodi za kusini usizipite tu. Zihesabu. Zikipungua katikati ya maongezi ujue kuna kitu kimelegea, na mara nyingi jambo la maana linakuja hapo hapo baada ya kulegea.

Rekodi iliyonifundisha zaidi kuliko zote ni ya New York 1947. Lomax huyo huyo, kawakalisha wanabluzi watatu pamoja, Big Bill Broonzy, Memphis Slim na Sonny Boy Williamson yule wa kwanza, John Lee, maana walikuwa wawili wa jina hilo. Hapa anayeuliza anakaa pembeni kidogo na wao wanaongea wenyewe kwa wenyewe, wanachekana, mmoja anaanza stori mwenzie anaimalizia. Wanaongea mambo ya kambi za kujenga kingo za mto, wafungwa wa minyororo, mabosi waliokuwa wanathamini nyumbu kuliko mtu mweusi, watu kuuawa na hakuna kesi. Na wanacheka. Mgeni anashtuka, wanacheka nini? Sikiliza tena mara ya pili na ya tatu utaona kicheko ndo kinawawezesha kulisema.

Halafu sikiliza kilichofuata. Walivyochezewa ile rekodi wajisikie wenyewe wakaogopa, wakaomba majina yao yasijulikane kamwe maana ndugu zao bado wako kusini na wangeweza kudhurika. Ikatolewa mwishoni mwa miaka ya hamsini kwa majina ya uongo. Majina ya kweli yakaja kuwekwa 1990, wote watatu wameshakufa, Sonny Boy ndo wa kwanza, aliuawa Chicago 1948, mwaka mmoja tu baada ya maongezi. Kwa hiyo siku nyingine ukisikia mzee anazunguka zunguka hataki kujibu, kabla hujasema kumbukumbu zimeisha kumbuka hawa.

Broonzy huyo nataka nikae naye kidogo kwa sababu atawachanganya kama alivyonichanganya mimi. Alikuwa anasema kazaliwa Scott, Mississippi, 1893. Watafiti walivyokuja kuchimba wakakuta ni Arkansas, 1903, na jina lake la kuzaliwa ni Lee Bradley. Miaka kumi kajiongezea! Pia mwaka 1938 alipanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa New York, akatambulishwa kama mkulima wa Arkansas wakati alikuwa Chicago miaka na miaka, staa wa sahani, suti kali, anapiga na bendi. Miaka ya hamsini wasikilizaji wazungu wa Ulaya na Marekani walitaka mzee wa shamba mwenye gitaa kavu na yeye akawapa, tena kwa ufundi ambao hakuna wa kuufikia. Ndo maana nawaambia hata hilo gitaa kavu wakati mwingine ni jibu kwa anayeuliza. Wengine hapa wanakasirika wanamwita tapeli, mi sikubaliani, jamaa alikuwa anafanya kazi. Ila tarehe zake usizinukuu kwenye insha yako bila kuangalia kwingine, hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi nilinukuu na niliumbuka mbele ya watu.

Sasa mambo ya vitendo haraka haraka. Tumia hedifoni, spika za simu zinaua kila kitu. Raundi ya kwanza usiandike chochote, we sikiliza tu hata kama lafudhi huipati, Kiingereza cha weusi wa kusini kipindi kile kinakuja taratibu kama unavyozoea Kiswahili cha mtu wa Lubumbashi, wiki ya kwanza unapata nusu, wiki ya tatu hata huoni tofauti. Raundi ya pili andika na andika kila kitu pamoja na kukohoa, kiti kulia, mlango. Programu za kuondoa ukimya msiziguse. Mi niliipitisha rekodi moja humo ikawa safi kabisa na ikawa haina maana, kumbe ile sekunde sita mzee alinyamaza kabla ya kusema "sikumbuki" ndo ilikuwa jibu. Na kwenye zile sahani za 1941 mtu akikatwa katikati usimlaumu yeyote, sahani ilikuwa inajaa na stori inabaki hewani.

Neno analojiita mzee liandike kama alivyolisema. Mance Lipscomb wa Navasota, Texas, alirekodiwa mara ya kwanza 1960, ana miaka 65, kalima pamba ya watu karibu maisha yake yote, na watu wakamwita mwanabluzi. Mwenyewe hakulipenda hilo, alijiita "songster", yaani mtu wa nyimbo za kila aina, za kucheza, za visa, za kanisani, bluzi ni moja tu humo. Baba yake alikuwa mpiga fidla aliyezaliwa utumwani. Ukiliacha neno lake ukaweka lako umeshampoteza.

Na vidole. Wengi wao hawaliweki gitaa chini wanapoongea, wanagusa gusa nyuzi huku wanajibu. Sisi tuliokua na Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, masikioni, Kiswahili juu na dole gumba linatembea chini halikosei, tuna bahati hapo, sikio limeshazoea kufuata vitu viwili. Fuata dole gumba. Likisimama ghafla katikati ya sentensi rudisha nyuma sekunde kumi usikie aliulizwa nini.

Mimi sasa hivi niko kwenye zile alizorekodi Broonzy Julai 1957, sahani tano, zilifanywa muda mfupi kabla hajafanyiwa operesheni ya kansa, sauti ikaharibika na Agosti 1958 akafariki. Nyimbo zake nazijua karibu zote. Nasikiliza anavyoongea tu, dakika ishirini ishirini kabla ya kulala, na yule kijana nimemwambia akapakue tena upya asikate.