"Run": neno la herufi tatu linalowatoa jasho watu wa mapokezi

Kijana anayetafuta kazi ya hoteli huja na maneno marefu ameshayahifadhi. "Accommodation", "reservation", "complimentary breakfast", yote yamo kichwani, na anayatamka bila kugugumia. Maneno hayo hayamwangushi mtu. Neno refu mara nyingi lina maana moja, ukishalijua umelijua. Linalomwangusha ni lile dogo alilofundishwa skuli akiwa bado mtoto, pembeni mwa picha ya mvulana anayetimua mbio: "run".

Nimekaa mapokezi miaka mingi, kwanza Nungwi na baadaye Mji Mkongwe, hapa Unguja, na siku hizi kazi yangu ni kuwanoa wanaoanza. Kila kundi jipya naliuliza maana ya "run", na jibu huwa moja kwa sauti moja: kukimbia. Hapo ndipo tunapoanzia, kwa sababu mgeni anaweza kulisema neno hili kutwa nzima, tangu anashuka kwenye gari mpaka anazima taa, na asiwepo hata mtu mmoja aliyekimbia.

Watunzi wa ile kamusi kubwa ya Oxford walikuwa na bingwa wao wa maana nyingi. Katika toleo la 1989, lenye juzuu 20, bingwa alikuwa "set", kitenzi chenye maana zipatazo 430. Kisha wakaifikia herufi R katika kuiandika upya kamusi, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba "run" amempokonya taji: maana 645, na hapo ni kitenzi peke yake. Mashine zimechangia sana. Treni, injini, jenereta, kompyuta, kila kilichobuniwa Wazungu wakakipa kitenzi kile kile. Lakini usitishike na hesabu hiyo. Hakuna Mwingereza anayezijua zote 645, na wewe kazini kwako unahitaji labda ishirini.

Tatizo la wanafunzi wangu si uchache wa maana wanazozijua. Tatizo ni ile picha ya mvulana. Wameibeba tangu utotoni na kila wakisikia "run" wanatafuta miguu. Basi iondoe. Katika lugha zilizo na nasaba moja na Kiingereza, neno hili tangu zamani lina maji ndani yake: Mjerumani anasema "rinnen" kwa kitu kinachotiririka, na "rennen" kwa mtu anayekwenda mbio, na Mwingereza yote mawili ameyatia katika "run". Ukilichukulia kuwa ni kitu kinachokwenda bila kukatika, maana nyingi zitakufungukia zenyewe. Bomba "runs". Pua "runs". Barabara "runs along the beach". Boti ya Pemba nayo "runs", hata siku ambayo bahari imechafuka na inakwenda taratibu.

Na wala sisi si wageni wa mambo haya. Tazama kitenzi chetu cha kuendesha. Fulani anaendesha gari. Fulani anaendesha hoteli kule Paje. Na mtoto wa jirani anaendesha tangu jana usiku. Hakuna mtu katika kisiwa hiki atakayesikia hilo la tatu akauliza mtoto mdogo kapata wapi leseni. Tunajua papo hapo kwamba ni tumbo, kwa sababu tumesikia nani anaendesha, na tumesikia kwa sauti gani limesemwa. Sikio lako tayari lina ujuzi huo, ila ukiingia katika Kiingereza unauacha mlangoni na kushika kamusi.

Kwa hiyo swali la kwanza ukisikia "run" ni hili: nani, au nini, ndiyo inayo-"run"? Mtu, maji, mashine, biashara au muda?

Yupo kijana mmoja, mtu mzuri na mchapakazi, alikuwa zamu ya usiku. Mgeni akapiga simu kutoka chumbani: "The toilet won't stop running." Kijana akajibu "Yes, sir, no problem", akafungua kitabu cha matengenezo na akaandika kwa mwandiko safi kabisa: *Choo kinakimbia, hakitaki kusimama.* Asubuhi fundi, mzee wa Makunduchi asiyecheka ovyo, akasimama kaunta na kitabu mkononi.

"Mwanangu, hiki choo kimekimbilia wapi nikakitafute?"

"Ami, mimi nimeandika alivyosema mgeni."

Fundi akapanda juu, akafungua tangi, akakuta boya limekwama na maji yanamwagika ndani ya bakuli usiku kucha. Mgeni hakulala kwa mlio ule. Maneno ya kijana yalikuwa sahihi moja moja, na alichokisema mgeni kilikuwa chepesi: maji ya choo hayakatiki. Laiti angejiuliza nini kinachokwenda pale chooni, angefika.

Bafuni ndiko neno hili linakokaa hasa. "Is there running water?" si mto, mgeni anauliza kama maji ya bomba yanatoka. "Let it run for a minute" ni kwamba uyaache yatiririke kidogo, pengine mpaka ya moto yafike. "The colour ran" hulisikia dobi: kitambaa kimechuja rangi, na shati jeupe la mgeni limekuwa la waridi. Hilo la mwisho lijue mapema, maana likifika mapokezi huja na hasira.

Mashine zina zamu yao. Wale tuliokuwepo Unguja umeme ulipopotea kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya kebo inayopita chini ya bahari kutoka Bara, tulipata darasa la bure. "How long will the generator run?" "Are you running on the generator now?" "Don't tell me we're running out of diesel." Sentensi tatu, na kila moja ina jibu lake. Ya kwanza inataka saa ngapi. Ya pili inataka ndiyo au hapana. Ya tatu inataka umtulize mtu.

Hiyo ya tatu inatufikisha kwenye mikia. "Run" hupenda kufuatwa na kineno kidogo, na kineno hicho ndicho chenye amri. "Run out of" ni kuishiwa: taulo, maji, dizeli, subira. "Running low on" ni kwamba kitu bado kipo lakini kinaelekea ukingoni, na kwa mtu wa hoteli tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa moja unakimbilia stoo sasa hivi na nyingine unasubiri zamu iishe. "Run into" inawababaisha wengi. Mgeni anarudi kutoka Forodhani anatabasamu, anakwambia "We ran into your brother", na moyo unakulipuka ukidhani ndugu yako kagongwa na gari. Wamekutana naye tu, kwenye meza za mishikaki, bila kupanga. Lakini dereva akikwambia "I ran into a wall", hapo tafuta ukuta wenyewe uone gari limeharibika kiasi gani. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni kilichokutwa.

"Run over" ina sura tatu, nazo zote nimezisikia kwa masikio yangu. "The driver ran over a chicken": gari limemkanyaga kuku, na mwenye kuku anakuja. "Let's run over the programme": hebu tuipitie ratiba haraka haraka. "The spice tour ran over": matembezi ya viungo yamepitiliza muda, kwa hiyo jikoni wasipakue bado. Hapa mkia peke yake haukusaidii, rudi kwenye swali la kwanza. Kuku, ratiba, muda.

Mkia mwingine unaostahili kuogopwa ni wa "run it by". Mgeni anataka kuongeza siku mbili kwa bei ile ile, anakwambia "Could you run it by your manager?" Hajakuomba ukubali. Amekuomba umfikishie meneja aone kwanza, kisha umrudishie jibu. Kijana akisema "Yes, yes" akimaanisha nimekusikia, mgeni anakwenda kuogelea akiamini jambo linashughulikiwa, na jioni ndipo maneno yanapoanza. "Run my card again" haina hatari, pitisha kadi tena kwenye mashine. "Run up a bill" ni kulimbikiza deni, na huwa ni la baa.

Juu ya muda, sikiliza mtu anayesema "I'm running late" akiwa amekaa ndani ya teksi, mikono mapajani. Anachelewa. "I have to run" akiwa anamalizia kahawa yake kwa utulivu: anakuaga. Wala usimsogezee viatu.

Baharini mambo ni machache lakini ni mazito. "We ran aground" ni chombo kimepanda mwamba au kimekwama kwenye fungu. Sisi tuna neno la ziada, kupwelewa, pale maji yanapotoka na kuiacha mashua juu ya mchanga bila kosa la nahodha. Mgeni hana tofauti hiyo, kwake yote ni "aground", kwa hiyo ukimpelekea habari bwana wa mashua usimwambie chombo kimepanda mwamba kabla hujauliza kama ni maji yametoka tu. Utamuua kwa presha bure.

Sasa ugonjwa. "My nose is running" ni mafua, kamasi zinachuruzika. "She's running a temperature" ni kwamba ana homa, na kama ni mtoto usingoje asubuhi, tafuta daktari. "I feel run down" ni uchovu wa mwili, hakuna aliyemgonga. Halafu lipo lile la aibu. Waingereza wengi huona haya kutaja tumbo, kwa hiyo atakuinamia kwenye kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "I'm afraid I've got the runs." Anaendesha, ndugu yangu. Neno kwa neno kama sisi. Anahitaji duka la dawa, pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini, maji safi ya kunywa, na chumba kisichokuwa mbali na choo. Akisema ana damu au homa, ni hospitali. Mwenzake atakayekuja dakika tano baadaye na viatu vya michezo na kusema "I'm going for a run" anataka kukimbia ufukweni kabla jua halijachoma, na anachotaka kwako ni kujua maji yanajaa saa ngapi. Mmoja kasema "a run", mwingine "the runs". Nimeona mtu akiwachanganya wawili hao, akamwelekeza mwanamichezo duka la dawa.

Mambo ya siasa nayapita mbio. Mmarekani husema "run for president", Mwingereza hupendelea "stand". Sisi tunagombea, na mgeni akianza kukuuliza hayo kaunta, mpe ramani ya mji.

Jinsi ya kujifunza: achana na orodha ya kamusi. Nunua daftari dogo na uligawe kwa mahali unapofanyia kazi, bafuni, kaunta, garini, mashuani, hospitali, na kila ukisikia "run" andika sentensi nzima kama alivyoisema mgeni, pamoja na kilichotokea baadaye. Maana tupu husahaulika. Sentensi yenye mtu ndani yake inabaki. Na kumbuka jana yake ni "ran", ila baada ya "have" au "has" linarudi kuwa "run", ndiyo maana utasikia "we have run out" na si "we have ran". Hilo hata wenyewe wanalikosea, kwa hiyo usijitese.

Ukiwa huna hakika, usijibu "yes". Mrudishie kwa maneno mepesi ya kwako: "So the water in the toilet does not stop?" Mgeni hataona umepungukiwa. Ataona umesikiliza, na kama umekosea atakurekebisha pale pale kabla fundi hajapanda ngazi.

Jambo ambalo vijana wakishayajua haya hulisahau: kulisikia neno ni kazi moja, kulisema ni nyingine. Wageni wetu wengi si Waingereza. Ni Wataliani, Wafaransa, Wapolandi, Wajerumani, nao Kiingereza wamekisomea kama wewe ulivyokisomea, na picha ya yule mvulana anayetimua mbio wanayo pia. Mtu wa Poland ukimwambia "We've run out of hot water" anaweza kubaki anakutazama. Mwambie "There is no hot water now. It will come back at six." Na hapo hakikisha unamaanisha saa sita ya kwao, saa kumi na mbili yetu, maana hilo nalo lina maneno yake.