Programu humpa mwandishi namba, au hukipa kitabu?

Mkutubi anayeandika mwongozo wa programu ya kuorodhesha vitabu anauliza lipi ni sahihi kati ya «programu humpa Hamisi namba H36», kama alivyoandika yeye, na «programu hukokotoa namba ya Hamisi», kama anavyotaka mwenzake. Hamisi hapa ni mwandishi wa kitabu, na H36 ni namba inayoonyesha mahali pa kitabu chake rafuni.

Sentensi zote mbili zimefuata sarufi, ila hakuna inayoeleza kinachotendeka. Katika «humpa», kiambishi «-m-» kinamfanya Hamisi kuwa mpokeaji, ilhali kinachopokea ni kitabu chake. Mwandishi huyohuyo anaweza kuwa na H36 katika maktaba moja na alama nyingine katika maktaba ya pili, kwa kuwa kila maktaba hutazama alama ambazo tayari zimetumika kwenye rafu zake. Kukokotoa nako ni kufanya hesabu, na programu hii haifanyi hesabu, bali hulinganisha herufi za mwanzo za jina na jedwali, kwa utaratibu ulioasisiwa na mkutubi wa Marekani, Charles Ammi Cutter (1837–1903). Katika jedwali la Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa mfano, «a» inayofuata H ni 3, na «m» inayofuata hapo ni 6.

Mimi ningeandika: «Programu hukipangia kitabu alama ya mwandishi, H36.» Kitenzi «pangia» kinafaa sana hapa, kwa sababu alama hiyo ndiyo inayokipanga kitabu mahali pake.

Kuhusu «namba» na «nambari», yote mawili ni Kiswahili sanifu. Hata hivyo nimechagua «alama», kwanza kwa sababu H36 ina herufi pamoja na tarakimu, na pili, jambo ambalo naliona zito zaidi, kwa sababu tarakimu hizo husomwa kama desimali. H36 hutangulia H4, kama vile 0.36 ilivyo ndogo kuliko 0.4. Anayefundishwa kutamka «H thelathini na sita» atakiweka kitabu baada ya «H nne», naye atakuwa ametii lugha aliyofundishwa. Mwongozo na uelekeze matamshi ya tarakimu mojamoja: «H, tatu, sita».

Pale ambapo kitabu hakina mwandishi anayejulikana na programu ikatumia jina la kitabu chenyewe, usiandike tena «alama ya mwandishi». Andika «alama ya jina la kitabu».