Leseni ya tajiri haikufuniki, mdogo wangu

Weka ndoo chini kwanza. Umeandika kwamba unataka kuanza kukamata samaki wa mapambo huko Kilifi, ukauliza pampu gani ya hewa ununue, samaki mmoja aina ya kangaja hulipiwa ngapi, na kama leseni unaihitaji, "ila tajiri ameniambia ya kampuni yake inatosha." Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Leseni ya kampuni ni ya kampuni. Inamruhusu yeye kufanya biashara yake, haikupi wewe mwamba wa watu.

Mimi nilizama siku tatu za maji mafu, mahali penye maboya. Niliyaona, macho ninayo. Nikampigia tajiri wangu, akacheka: "Hayo ni ya wazungu kuogelea, yasikutishe." Kumbe ni mpaka wa tengefu, yaani sehemu ya bahari iliyofungwa isivuliwe. Kijiji kilikaa vikao mpaka kikakubaliana kufunga kipande kile samaki wazae, na BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ikaweka sheria: hakuna mshipi, hakuna wavu, hakuna mtu wa ndoo wa kukamata samaki wa mapambo. Sasa mwamba uliofungwa ndio wenye samaki wa kupendeza, kwa hiyo nikajiona fundi kweli kweli. Vitatange, vipepeo, na wale wa rangi ya machungwa wanaokaa kwenye anemoni, yule mnyama laini wa mwambani. Hao tajiri aliwataka jozi, mke na mume.

Siku ya tatu nikaibuka, nikakuta mtumbwi wa doria unaningoja. Aliyekaa tezi anakula muhogo, hana haraka.

Kwenye banda la BMU walikuwa wazee watano. Mmoja wao ni mjomba wangu, toka nitoke na mama. Hakuniangalia hata mara moja. Aliyenisemesha ni mzee mwingine, kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko faini. Alisema wale wa kwenye anemoni huanza maisha wote madume, kisha mkubwa wao hugeuka jike. Ukimtoa jike, mumewe anageuka kuwa mke, na inabidi mdogo akue ndipo awe mume. "Umevunja nyumba za watu," akasema. Nami kwa ujinga nikacheka. Faini ikatoka shilingi 10,000 ikafika 15,000. Sijawahi kucheka kwa bei ile.

Waliokuwa hai tuliwarudisha. Wengine matumbo yalikuwa yamevimba kama mapulizo, maana niliwapandisha upesi na hewa ya ndani ikatanuka. Hao walinifia mikononi, mjomba amesimama pale pale.

Na tajiri? Simu imezimwa. Ilipowaka, ilikuwa ya kunidai 18,000 za wavu wake uliochukuliwa. Mtu mzima, ana gari, ana tangi za vioo ukuta mzima, ananidai mimi wavu alionituma nao! Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu kijiji kizima kiliyaona. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mama wa samaki huniuliza kama nimekuja kumtafutia mume mpya.

Kwa hiyo kabla hujalowesha wavu, nenda BMU ya ufuo huo huo. Usipige simu, usitume mtu. Upate kibali chako kwa maandishi, chenye jina lako na mhuri, halafu waombe wakupandishe chomboni wakuoneshe mpaka boya kwa boya. Ukitoka hapo pita ofisi ya uvuvi kwa leseni yako mwenyewe. Hifadhi za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kama Malindi au Kisite usizifikirie kabisa, humo hata ganda la kombe la ukumbusho huokoti.

Na usije ukaniambia hizi ni sheria za wazungu. Kuruwitu, hapo hapo kwenu, ni wavuvi wenyewe waliofunga hekta 30 mwaka 2005 baada ya kuona nyavu zinarudi tupu, na watu wa ndoo kama mimi walikuwa miongoni mwa sababu. Walishika kalamu kabla ya serikali kuwaambia.

Tajiri akikataa kungoja kibali, mwambie azame yeye.

Na ukiingia katika banda la BMU ukaona miwani ya kuzamia imetundikwa ukutani, mkanda wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli, hiyo ni yangu. Nimeomba mara mbili. Mjomba anasema bado hajaiona.