Batman mweusi? Mbona Fury tulishamzoea

Kaka, unasema wakimpa mtu mweusi nafasi ya Batman watakuwa wameharibu, kisa mashabiki wanamjua alivyo kwenye vitabu vya katuni. Haya, na Nick Fury, yule bosi wa majasusi, je? Alianza mzungu kwenye katuni za Marvel mwaka 1963. Mwaka 2002, katika toleo jingine, wakamchora kwa sura ya mwigizaji mweusi Samuel L. Jackson, na 2008 Jackson mwenyewe akatokea kwenye filamu. Leo ukitaja Fury, nani anamkumbuka yule mzungu?

Tena kelele si za rangi tu. Michael Keaton ni mzungu, lakini alipopewa Batman ya 1989 mashabiki waliandika barua kwa maelfu kumkataa, eti mchekeshaji. Filamu ilipotoka, kimya.

Mimi nimekulia kwenye banda la video hapa Ujiji, mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nje, mtafsiri anawasemesha wazungu Kiswahili cha mtaani kwetu. Idris Elba, mwigizaji mweusi, alipotokea kwenye filamu ya Thor akilinda lango la miungu, hakuna aliyeguna. Mzee mmoja muuza dagaa aliuliza tu kama lile panga ni la kweli.

Ila hapa nakuunga mkono: Bruce Wayne, yaani Batman akivua barakoa, ni tajiri wa ukoo wa zamani, kwa hiyo ukibadilisha rangi lazima uandike upya na familia yake. Wengi huikwepa kazi hiyo. Ndiyo maana nampenda Miles Morales, Spider-Man mweusi wa 2011. Hakuazima maisha ya Peter Parker, Spider-Man wa kwanza, alipewa ya kwake, na mama mwenye asili ya Puerto Rico.