Digrii ya biashara, kazi ya hospitali

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, barua humiminika. Safari hii wengi wenu mnataka kufanya kazi hospitalini bila kumdunga mtu sindano. Ni haki yenu. Nimechagua chache, maana zilizobaki zinauliza yaleyale. Na tafadhali msiniite Shangazi. Shangazi ni wa mambo ya ndoa, mimi ni wa mambo ya bili.

Nilipata B- na sina hamu ya udaktari. Nikisomea BCom (digrii ya biashara), hospitali itanichukua? (F., Kayole)

Itakuchukua, mradi ujue inakuchukua ukafanye nini. Mikondo yenye kazi hasa ni miwili, uhasibu na ununuzi. Mambo ya masoko yapo, lakini ni nafasi mbili tatu, tena kwenye hospitali kubwa za kibinafsi, na zinagombaniwa na watu waliokwisha kuzoea matangazo ya redio.

Chukua uhasibu, na CPA, mtihani wa wahasibu unaotolewa na bodi ya KASNEB, uianze ukiwa bado chuoni. Halafu jifunze kitu ambacho huenda mhadhiri wako asikufundishe: hospitali inalipwaje. Inamtibu mtu leo, inalipwa baada ya miezi, na pengine hailipwi kabisa. NHIF, bima ya afya ya taifa hapa Kenya, ilipoondoka na SHA ikashika usukani tarehe 1 Oktoba 2024, nyuma yalibaki madeni ya mabilioni ya shilingi ambayo hospitali zimeendelea kuyafuatilia.

Nikuonyeshe faili moja, ya aina niliyoishika mara nyingi mno. Mama amejifungua kwa upasuaji. Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, SHA inalipa 30,000. Kazi ya wodini imefanywa vizuri, mtoto analia vizuri. Lakini muhtasari wa kuruhusiwa nyumbani hauna sahihi ya daktari, na tarehe ya kulazwa kwenye fomu ni 4 huku kwenye mfumo ikisoma 5. Dai la malipo lililopelekwa SHA linarudi. Karani analitia kwenye trei ya yaliyorudi, na trei hiyo imefura. Daktari yuko likizo. Mwezi unaisha, mwenye kuleta oksijeni anataka pesa zake, na mkubwa anaitisha mkutano kuuliza kwa nini mapato yameshuka. Hayajashuka popote, yamelala kwenye trei. Anayeweza kumfuata daktari huyo bila kumvunjia heshima, akapata sahihi, akalirudisha dai kabla muda haujapita, huyo ndiye meneja, hata kama beji yake imeandikwa karani.

Kozi gani ina soko? (Wengi mno)

Niambie gredi zako, karo unayoiweza na kazi usiyoipenda, nitakujibu. Bila hayo matatu, muulize mpiga ramli.

Mimi ni muuguzi mwenye digrii, hospitali ya umma. Nataka kuingia usimamizi. Nisome MBA (uzamili wa biashara) au uzamili wa usimamizi wa mifumo ya afya? Leseni bado nitaihitaji? (Muuguzi, Embakasi)

Nianze na la mwisho. Leseni usiiache. Nimewaona wauguzi walioacha kuihuisha siku waliyovaa suti, na cheo kilipokwenda kwa mwingine wakawa hawana pa kurudi. Pointi za masomo endelevu zinazotakiwa ili kuihuisha si mzigo kwa mtu aliyewahi kushika zamu ya usiku.

Kuhusu shahada, angalia unakokwenda. Ukibaki serikalini, uzamili wa mifumo ya afya, kama ule wa chuo kikuu cha KeMU, unaeleweka haraka kwenye jopo la mahojiano kwa kuwa wengi wanaoketi pale ni watu wa afya. Ukiwazia hospitali za kibinafsi, kampuni za bima au mashirika, MBA inasikika zaidi, na Chuo Kikuu cha Strathmore wanayo ya usimamizi wa afya hasa. Tofauti ya masomo yenyewe si kubwa kama wauzaji wa kozi wanavyodai.

Kabla hujalipa karo, ambayo inaweza kukununulia ploti Joska, mwombe mkubwa wako akuingize kwenye kamati ya bajeti ya hospitali. Kaa pale, soma zile karatasi, uliza kwa nini dawa zimeombwa kiasi hiki na kupewa kiasi kile. Ukijikuta unasinzia mkutano wa pili, ploti yako imepona.

Jambo ambalo hukuuliza: wewe una kitu ambacho mwenye BCom atahangaika nacho miaka. Unajua wauguzi wawili kwenye wodi ya watu arobaini saa tisa usiku maana yake ni nini. Mgomo wa madaktari wa 2017 ulichukua siku 100, wa 2024 siku 56. Siku kama hizo, meneja anayejua kusoma mizania peke yake hana la kuwaambia watu waliosimama na wagonjwa wao langoni. Usiruhusu MBA ikufundishe kuongea kama mtu ambaye hajawahi kuingia wodini. Tunao wa kutosha.

Nina MBA na miaka kumi ya benki. Kwa nini hospitali za kaunti hazitangazi kazi ya ukurugenzi kwa watu kama mimi? (K., Lang'ata)

Kwa sababu anayeongoza hospitali ya umma kwa kawaida ni daktari. Mnalalamika kila mwaka, nami kila mwaka nawaambia mtazame nafasi iliyo chini yake, ya afisa msimamizi wa hospitali. Hapo ndipo kazi ya biashara ilipo, na imekuwa nzito kuliko zamani. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti hospitali zao, na Serikali Kuu ikabaki na za rufaa za kitaifa kama Kenyatta. Kwa miaka mingi baada ya hapo, hospitali nyingi za kaunti zilikuwa zikikusanya pesa, zinazipeleka kaunti, halafu zinarudi huko kuomba glavu. Sheria ya 2023 imeziruhusu kubaki na mapato yake na kuyatumia. Kwa maoni yangu ilichelewa miaka kumi. Sasa hospitali inahitaji mtu wa kupanga matumizi, kufunga hesabu na kumkabili mkaguzi, na mtu wa benki anaweza.

Ila acha desturi za kukusanya mikopo hukohuko benki. Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2015, katika kesi iliyohusu hospitali ya Pumwani, kwamba kumzuilia mama wodini kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Bado nasikia wasimamizi wakisema "asitoke mpaka alipe" kana kwamba hawajasikia. Uliza mapema mgonjwa amesajiliwa SHA au la, analipiwa na nani, jamaa zake wako wapi. Siku ya kwanza. Siku ya kuruhusiwa umeshachelewa, na kumtilia askari mlangoni kutakupeleka kortini wewe na hospitali.

Mdogo wangu alipata C, ameitwa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kusomea diploma ya rekodi za afya. Nyumbani tunaona arudie mtihani apate digrii ya maana. (Kaka mtu, Githurai)

Mwache kijana aende. Taaluma hiyo ina sheria yake ya mwaka 2016 na bodi yake, na digrii ataisoma baadaye akiwa na mshahara. Unadhani ile tarehe 4 na 5 niliyomweleza F. inasahihishwa na nani? Hospitali yenye rekodi mbovu haiwezi kulipwa, haiwezi kujitetea ikishtakiwa, haijui hata ilitibu malaria wangapi mwezi uliopita. Wenye BCom wanaingia hospitalini na kukaa miezi wakijifunza kwa hawa mnaowadharau. Na neno "digrii ya maana" usilitamke tena mbele yake.

Nimepata chuo cha ng'ambo mtandaoni kinachotoa MBA ya usimamizi wa hospitali kwa miezi sita, bila mtihani. (Mfanyakazi, Upper Hill)

Bila mtihani, umesema mwenyewe. Kabla hujatuma hata senti, uliza CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, kama wanakitambua chuo hicho. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa imegundua vyeti bandia zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi wa umma. Wengine waliambiwa warudishe mishahara.

Nimepata atachimenti (mafunzo ya kazini) ya miezi mitatu katika hospitali moja, idara ya huduma kwa wateja. Nikubali? (Mwanafunzi wa BCom, Juja)

Kubali. Lakini usikae miezi yote mitatu ukisema "karibu" na kuonyesha watu choo kilipo. Ukishazoeleka, omba upelekwe stoo ya dawa. Chukua kadi moja ya stoo, tuseme ya dawa ya sindano inayotumika kila siku, uisome, kisha uhesabu zilizo kwenye rafu. Kadi ikisema 40 na rafu ikawa na 31, usipige kelele wala usimshuku mtu. Uliza polepole tisa zimekwenda wapi: huenda wodi ilichukua usiku na hakuna aliyeandika. Angalia tarehe za kuisha muda. Inayoisha mapema inapaswa kutoka kwanza, na utashangaa ni mara ngapi imesukumwa nyuma ya boksi jipya. Kutoka hapo omba wiki kadhaa ofisi ya madai, ukae na yule karani wa trei. Kila hospitali anaye.

Simu ibaki mfukoni. Picha ya mgonjwa mtandaoni, hata ya mguu tu, inaweza kuwa kosa chini ya sheria ya kulinda data ya 2019, na msimamizi wako chuoni hataweza kukuokoa. Vaa viatu vya kutembea. Na beba barua ya bima ya atachimenti kutoka chuo siku ya kwanza, maana bila hiyo wengi wenu hurudishwa langoni halafu mnaniandikia mimi.