Pumzi ishirini kwa wodi nzima

Shikamoo Sista. Nipo mwaka wa tatu, digrii ya uuguzi. Logibuku yangu, kitabu cha kusainiwa kazi nilizofanya, ina mapengo kwenye wodi ya watoto na rotesheni inaisha Ijumaa. Rafiki yangu ana dada yake nesi Temeke, amekubali kunisainia. Kuna shida? (Mwanafunzi, Kigamboni)

Marahaba. Shida ipo na unaijua, ndiyo maana umeniuliza mimi badala ya kumuuliza mwalimu wako wa kliniki. Saini ile inasema nesi huyu amekuona kwa macho yake ukifanya kazi hii kwa mgonjwa. Dada wa rafiki yako hajakuona hata sura. Akisaini, anaiweka rehani leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kesho wahi makabidhiano ya zamu, mfuate inchaji, nesi mkuu wa wodi, mwambie umebakiza nini. Msiseme manesi wana roho mbaya. Wengi wenu mnaingia saa tatu mkisingizia pantoni, mnajazana kwenye kaunta na simu, saa sita mmeshakwenda "maktaba". Ijumaa mnaleta vitabu kumi kwa mpigo visainiwe. Asiyekuona wiki nzima asaini nini? Mapengo yakibaki, omba kufidia wakati wa likizo. Inauma, lakini inakubalika.

Na kwa kuwa umenichokoza, niseme lile la siku zote. Chukua chati za wodi yenye wanafunzi, tazama safu ya pumzi. Ishirini, ishirini, ishirini, halafu ishirini na mbili ya kupambia. Mzee wa nimonia 20, bibi wa presha 20, kijana aliyetoka kupasuliwa 20. Huko ni kupika. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mara nyingi pumzi ndiyo huanza kwenda kombo kabla presha haijashuka. Mgonjwa wa pumzi 28 mliyemwandika 20 ataonekana hana neno mpaka usiku wa manane, atakapokuwa anakimbizwa ICU. Ukishamaliza mapigo usiuachie mkono wake. Akijua unamtazama kifua atabadili upumuaji. Hesabu dakika nzima. Si robo dakika mara nne.

Nikimaliza digrii ya uuguzi, nitapunguziwa miaka nikienda kusoma udaktari? (Segerea)

Usitegemee. Unayetaka udaktari omba udaktari, utuachie nafasi za uuguzi kwa wanaoutaka.

Nimepata sapu, mtihani wa kurudia, ya hesabu za dozi. Kwa nini simu haziruhusiwi kwenye mtihani wakati wodini kila mtu anatumia? (Mabibo)

Kwa sababu simu haijui kwamba umebonyeza vibaya. Chukua lita moja ya maji ya chumvi, iende kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Ukisahau kugeuza saa kuwa dakika ukagawa kwa 8, simu inakupa 2,500 bila aibu. Nimewahi kusahihisha karatasi yenye jibu hilohilo, mwandiko mzuri, limepigiwa mistari miwili. Matone 2,500 kwa dakika ni bomba la DAWASA! Kadiria kichwani kwanza, ndipo ukokotoe. Kwa seti ya watoto ya matone 60, matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, hapo hata kalamu haihitajiki.

Hukuuliza hili, lakini pokea: potasiamu kloraidi haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa, hata aliyekuagiza awe nani. Huchanganywa kwenye dripu na kupita polepole. Ikiingia kwa mkupuo inasimamisha moyo.

Mimi ni mwanaume, mwaka wa nne. Leba mama mmoja alikataa nisimpime njia (kuona imefunguka sentimita ngapi), wenzangu wakacheka. Nitafikishaje idadi ya kuzalisha? (Kimara)

Mdogo wangu, yule mama alikuwa na haki yake na hakukutukana. Ila jiulize uliingiaje. Nimeona wavulana wakikubaliwa na wasichana wakikataliwa, na tofauti ilikuwa salamu. Asimame mkunga kando yako, utaje jina lako, useme wewe ni mwanafunzi, ueleze utakachofanya, kisha usubiri jibu. Mnaingia glavu zikiwa mkononi tayari, mnamwambia "mama, panua", halafu mnashangaa.

Akikataa, kazi bado ipo: sikiliza mapigo ya mtoto, hesabu uchungu kwa dakika kumi, jaza partogramu, chati ya kufuatilia uchungu. Njia kwa kawaida hupimwa kila baada ya saa 4 kama uchungu unakwenda vizuri. Sasa wanafunzi watano wakipanga foleni, kila mmoja akitafuta sentimita zake za kujazia logibuku, hayo si mafunzo. Ni kumtesa mzazi na kumkaribishia maambukizi. Walimu wanaofumbia macho jambo hili nao wananisoma hapa.

Sista, nipe mada ya tafiti. (Wengi mno)

Sina. Na wale wa stationeri wanaokuuzia ripoti iliyokamilika, msimamizi akikuuliza uliwapataje hao washiriki na kibali cha maadili kilitoka lini, hawatakuwepo chumbani kukujibia.

Juzi nilijichoma sindano nikimwekea mgonjwa kanula, kimrija cha mshipani. Naogopa kusema. Nisubiri miezi mitatu nipime? (Hakutaja mahali)

Huyu nilimjibu siku ileile. Naliweka hapa kwa ajili ya wenzake walionyamaza. Usisubiri hata saa moja. Dawa za PEP za kukinga VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zisivuke saa 72, kisha unazimeza siku 28. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, usimwagie spiriti. Toa taarifa kwa inchaji palepale, iandikwe. Mgonjwa naye huombwa ridhaa apimwe. Kuchomwa si kosa la nidhamu. Kosa ni kurudishia sindano kofia yake kwa mikono miwili, jambo ambalo mmefundishwa mwaka wa kwanza na bado mnalifanya.

Na homa ya ini B je? Chanjo ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Unayeingia wodini bila hata moja, baba na mama wanakulipia ada ya nini?

Binti yangu amepangiwa wodi ya magonjwa ya akili. Naogopa atadhurika. Niandike barua ahamishwe? (Mama, Tabata)

Dada yangu, hapana. Wagonjwa wale wana manesi wao, wana dawa, na wengi ni wapole kuliko abiria wa daladala za Mbagala jioni. Binti atafundishwa kuzungumza na mtu aliyechanganyikiwa bila kumpandishia sauti, na atahitaji hilo kwenye kila wodi atakayofanyia kazi. Mwambie asiende na hereni za kuning'inia, asikae akiwa amezibiwa mlango. Barua usiiandike.